Mchumba Aliyejua Majina Yetu ya Kweli

"Noreen, hivi yule Adrian wa Leanne wako kwao wapi?"

Aliyeniuliza ni Pauline, muuza samaki na chipsi wa mtaa wetu, huku ananimwagia siki. Nikamwambia kwao Preston, ndivyo alivyotueleza. Pauline akatazama nyuma yangu kama kuna watu kwenye foleni. Hakukuwa na mtu.

"Binamu yangu anakaa Hagshaw," akasema. "Ananiambia alikuwepo Adrian pale, mrefu, ana kovu kwenye nyusi, mchumba wa binti mwenye baa. Ile baa sasa hivi ni duka la supamaketi. Inauza maziwa. Na huyo Adrian hawajamwona tena."

"Maadrian wako wengi, shoga."

"Wako wengi. Mimi nakupa nilichopewa. Nikuongeze chumvi?"

Nilibeba samaki wangu, nikafika nyumbani, nikawaacha wakapoa mezani. Hiyo ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na sita Mei, mwaka 2014. Tarehe hiyo naikumbuka kuliko ya kuzaliwa kwangu.

Nyumbani kwetu palikuwa juu ya baa. Chini tunauza bia, juu tunalala. Iliitwa Wafumaji, kwa sababu ya viwanda vya zamani, na mume wangu Derek aliiendesha miaka ishirini na miwili. Alipofariki, mkataba ukahamia kwa Leanne, mwanetu wa pekee, miaka thelathini na moja. Jengo halikuwa letu. Lilikuwa la kampuni yenye mabaa mengi, na kampuni za namna hiyo hapa Uingereza wakati ule zilikuwa zinayauza kwa masupamaketi kama njugu. Kugeuza baa kuwa duka hakukuhitaji kibali cha mtu. Leo jirani zako wanacheza vishale pale, wiki ijayo pana mashine ya kujilipia mwenyewe.

Ulinzi tuliokuwa nao ulikuwa mmoja. Watu ishirini na moja wa mtaa wakiandika kwenye fomu ya halmashauri kwamba baa hii ni mali muhimu kwao, na halmashauri ikikubali, basi kampuni ikitaka kuuza lazima isubiri miezi sita ili watu wa mtaa watafute namna ya kuinunua wenyewe. Miezi sita inatosha watu kuchangishana, kukopa, kupiga kelele magazetini. Fomu hiyo Leanne ndiye aliyeileta. Adrian ndiye aliyeisimamia.

Huyu Adrian Lomax aliingia kwetu mwezi wa pili, siku ya mashindano ya chemsha bongo. Alisema anafanya kazi za bima, makaratasi ndiyo maisha yake. Mpole, mcheshi, viatu vimepigwa rangi hata siku za theluji. Wiki ya kwanza tu akanunua raundi ya bia ya watu kumi. Watu wakafurahi. Ila mimi, nikiwa nyuma ya kaunta nakausha glasi, niliona kitu. Kwetu mtu akikununulia, na wewe unamnunulia, ndivyo watu wanavyokaa pamoja. Adrian alikuwa hakubali kununuliwa. Ukimwambia zamu yangu, anaweka mkono juu ya glasi yake na kusema, "Nimetosheka, kaa tu." Miezi mitatu hakuwahi kunywa hata bia moja ya mtu mwingine. Niliona, nikapuuza. Nilijiambia kijana ana moyo.

Mwezi wa nne alikuwa amemvisha Leanne pete. Ndoa ya bomani, Jumamosi tarehe kumi na nne Juni.

Siku ya kusaini ilikuwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Watu wameshiba nyama ya kuoka na viazi, fomu iko mezani, kalamu inazunguka. Sasa baa yetu ilikuwa na jambo lake. Hakuna aliyeitwa jina lake. Kulikuwa na Sajenti, ambaye hakuwahi kuwa askari. Kulikuwa na Bata, kwa sababu ya mwendo wake. Na kona ya dirishani alikaa Kasisi, mzee wa miaka sabini na tisa asiyekanyaga kanisa, aliyepewa jina hilo kabla mimi sijaolewa. Kalamu ilipomfikia Kasisi, akasita. Akauliza aandike jina gani, hili la hapa au lile la kwenye makaratasi.

Adrian akacheka, akamshika bega.

"Andika unavyojulikana hapa, mzee wangu. Halmashauri inataka kuona baa iko hai, na baa yenyewe ni nyinyi."

Watu wakapiga meza kwa furaha. Kasisi akaandika Kasisi. Bata akaandika Bata, akachora na bata mdogo pembeni. Mimi fomu za serikali naziogopa, shule sikufika mbali, nikaona kama wasomi wamesema ndiyo, basi ndiyo. Watu ishirini na wanne walisaini, na tisa kati yao waliandika majina ya utani. Jumanne Adrian akaipeleka mwenyewe, akarudi na risiti yenye muhuri. Nilimbusu shavuni.

Sasa unielewe nilivyokuwa baada ya maneno ya Pauline. Nikipika, nayasikia. Nikipanga vitanda, nayasikia. Adrian akija ananiita mama mkwe, ananibebea makreti, mimi namtazama lile kovu kwenye nyusi. Lakini Leanne alikuwa anaimba. Akishuka chini kubadilisha mapipa unamsikia anaimba, na tangu baba yake afe sikuwahi kumsikia. Nitamwambiaje mtoto anayeimba? Nikanyamaza siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Nilinyamaza siku kumi na moja.

Siku ya kumi na moja, Jumanne asubuhi, nikasema naenda kwa daktari wa miguu. Nikapanda basi la Hagshaw.

Duka nililipata upesi. Kizingitini bado kulikuwa na vigae vya rangi vyenye herufi za jina la ile baa, na juu ukutani chuma cha kuning'iniza kibao, hakina kibao. Ndani kweupe, baridi, mafriji yananguruma. Nikachukua mkate ili nisionekane mjinga, nikaenda kwa mwanamke aliyekuwa mashineni. Alikuwa rika la Leanne, na beji yake iliandikwa Janine.

"Samahani, binti. Hapa palikuwa baa?"

"Palikuwa. Hapo kwenye maziwa palikuwa jiko letu."

Alikuwa ni yeye, yule binti wa baa.

"Umewahi kumjua mtu anaitwa Adrian Lomax?"

Mkate wangu ukabaki mkononi mwake, hajaupitisha kwenye mashine. Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Ni binti yako?"

"Ni binti yangu."

"Mna fomu?"

"Ilishapelekwa."

"Watu waliandika majina gani, mama? Ya baa au ya kwenye daftari la wapiga kura?"

Nadhani uso ulimjibu.

Akaniambia kwa sauti ya chini, maana msimamizi wake alikuwa anapanga biskuti upande wa pili. Halmashauri inachukua kila jina, inalitafuta kwenye daftari la wapiga kura la mtaa. Lisipokuwepo, halihesabiwi. Wao walikuwa na watu ishirini na sita, yakahesabiwa majina kumi na saba. Barua ya kukataliwa ilikuja baada ya wiki nane, na baa ilikuwa imeuzwa wiki moja kabla. Adrian hakuwa mtu wa bima. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia masupamaketi majengo, na kuhakikisha hakuna kitu kinachochelewesha mauzo.

"Ulimuuliza?" nikasema.

"Nilimuuliza kama alinipenda. Akasema ndiyo. Na mimi naona hakudanganya, mama. Ndiyo maana mpaka leo naumwa."

Kituoni nikamwandikia Leanne: *Niko njiani. Usitoke. Usimwambie Adrian kitu.*

Akajibu: *Mama, Adrian yuko hapa anapaka rangi choo cha wanaume. Kuna nini? Miguu imesemaje?*

Mtu anapaka rangi choo cha jengo analolitoa roho. Nilikaa kwenye lile basi nimeshika mkate wa Hagshaw mapajani kama mtoto mchanga.

Nilifika saa nane na nusu mchana. Baani alikuwepo Kasisi peke yake na nusu glasi yake ya bia. Nikamvuta Leanne jikoni, nikamwambia yote, bila kupangilia. Alinisikiliza huku anamenya viazi. Kadiri nilivyosema ndivyo maganda yalivyozidi kuwa manene.

"Kwa hiyo hukwenda kwa daktari."

"Sikwenda."

"Umepanda basi kwenda kumtafuta mwanamke aliyeachwa, akuambie ubaya wa mchumba wangu."

"Leanne, ameniuliza majina kabla sijamwambia kitu."

"Unaogopa kubaki peke yako, Mama. Sema tu."

Iliniuma kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli.

Adrian akatokea mlangoni na brashi mkononi, rangi nyeupe inamdondokea kidoleni. Alikuwa amesikia. Hakukasirika, na hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Akasema ni kweli anamjua Janine, na ni kweli aliwahi kufanya kazi hiyo, lakini aliiacha, na hakutuambia kwa aibu. Akaomba radhi. Akasema Janine hajawahi kumsamehe kwa kumwacha na ndiyo maana anatafuta wa kuumia naye. Alisema vizuri. Nikamwona mwanangu mabega yanashuka, anaanza kumwelewa, anaanza kunitazama mimi kama mtu aliyevunja chombo.

"Na fomu?" Leanne akamuuliza. "Yale majina?"

"Hayana shida, mpenzi. Halmashauri ikiona utata itauliza. Kama mama mkwe hana amani, Bwana Entwistle aandike upya, mimi nitaipeleka kesho."

Leanne akaacha kumenya.

"Bwana nani?"

"Huyu mzee hapa." Akaelekeza brashi kwenye kona ya dirishani.

"Huyo ni Kasisi."

"Ndiyo. Kasisi."

"Nimemhudumia tangu nina miaka kumi na minane, sijui jina lake. Mama, wewe ulilijua?"

"Sikulijua."

Mzee alikuwa amegeuka kwenye kiti chake. Jikoni na baa vimetenganishwa na mlango usiofungika vizuri, alisikia kila neno.

"Cyril Entwistle," akasema. "Hata marehemu mke wangu aliniita Kasisi. Kijana, mimi hilo sijakutajia."

Friji ya bia tu ndiyo ilikuwa inanguruma.

"Umelipata wapi, Adrian?" Leanne akauliza. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anauliza funguo ziko wapi.

"Leanne."

"Umelipata wapi?"

Akaitazama ile brashi.

"Kwenye daftari. Nilitafuta kwa namba za nyumba."

"Ukatafuta yetu yote."

"Ilinibidi nijue ni mangapi yatahesabiwa."

"Ni mangapi?"

"Kumi na tano."

Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani atamrushia viazi. Leanne akanyoosha mkono.

"Hiyo brashi ni ya baba. Nipe."

Akampa. Leanne akaiweka kwenye sinki, akafungua maji, akaanza kuiosha, amempa mgongo. Adrian alisimama, akasema kwamba nyumba ya kuishi alikuwa amekwisha kuitafuta, chumba changu kipo, kila kitu kilikuwa kimepangwa ili sisi wawili tusiumie. Alisema baa yenyewe ingekufa tu, kama si yeye angekuja mwingine, na huyo mwingine asingempenda. Leanne hakugeuka. Kasisi akainuka kwenye kona yake, taratibu kwa magoti yake mabovu, akaenda kuufungua mlango wa mbele na kuushikilia wazi. Adrian akatoka. Hakuchukua hata koti.

Pete ilikataa kutoka. Tuliivua kwa sabuni ya vyombo.

Mchana ule ule tukapita nyumba kwa nyumba. Leanne na fomu mpya, mimi na kalamu. Sajenti tukamkuta ni Vernon. Bata ni Clifford. Jamaa mmoja mkubwa kama mlango, tuliyezoea kumwita Nyundo, alikataa kusema kwanza, kisha akamnong'oneza Leanne kwamba anaitwa Hilary na akiniona nacheka atahamia baa nyingine. Tulicheka watatu pale mlangoni, Leanne akacheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, na ndipo akalia.

Watu thelathini na mmoja, kila mmoja kwa jina lake la daftari. Asubuhi yake, tarehe ishirini na nane Mei, tukaipeleka wenyewe. Dada wa mapokezi pale halmashauri alikuwa mwema. Akatuthibitishia kwamba ile ya kwanza isingepita, hii inaonekana sawa, na jibu ni wiki nane. Leanne akamwomba aharakishe. Akasema angependa, lakini foleni ni foleni.

Tarehe kumi na nne Juni, siku iliyokuwa ya ndoa, tulifungua baa kama kawaida. Nilipika pai. Leanne hakuimba.

Tarehe kumi na nne Julai ikaja barua ya kampuni. Jengo limeuzwa kwa supamaketi, tuna mpaka mwisho wa Septemba kuhama.

Tarehe ishirini na tatu Julai ikaja ya halmashauri. Ombi letu limekubaliwa. Wafumaji imesajiliwa kuwa mali ya mtaa.

Tulichelewa siku tisa, basi.

Tulikaa kwenye meza ya jikoni na zile barua mbili. Simu ya Leanne ikalia, akaisoma, akanisogezea. Ilikuwa ya Adrian: *Nimesikia. Nilikupenda kweli. Ile ilikuwa kazi tu.*

Leanne alikuwa ananitazama mimi, si simu.

"Mama, yale maneno ya Hagshaw uliyasikia lini?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Ijumaa ya tarehe kumi na sita Mei. Kwa Pauline."

Akahesabu kwa vidole, kama alivyokuwa akihesabu utotoni, kuanzia kidole kidogo. Akafika kumi, akaanza upya, akasimama kwenye kimoja. Kisha akanyanyuka, akapanda juu.

Hakunisemesha siku nne. Alikuwa akiniachia chai mezani na kuondoka. Siku ya tano akaweka chai yake karibu na yangu, akakaa.

"Ungeniambia siku ile nisingekuamini," akasema.

"Pengine."

"Nisingekuamini kabisa, Mama."

"Lakini ungekuwa na siku kumi na moja za kutoniamini," nikamwambia. "Mimi nilizila peke yangu."

Alikunywa chai yake mpaka mwisho, na hakuondoka.

Sasa hivi Leanne anafanya kazi jikoni hospitalini, mimi na yeye tuna nyumba ya halmashauri mtaa wa pili. Pale kwetu pana duka. Kasisi hunywea bia yake nyumbani, na tukikutana njiani namwita Cyril, anaitika.

Nyie wenye mabinti, na nyie mabinti wenyewe, haya ndiyo ninayowaomba myaepuke:

Usiandike jina la utani kwenye karatasi ya serikali, hata kama umeitwa hivyo miaka hamsini.

Usimpe mtu mmoja apeleke karatasi ya watu wote. Nendeni wawili, na mmoja wao awe anayejua kusoma masharti ya nyuma.

Usifurahie risiti. Risiti inaonyesha karatasi imefika, haionyeshi kama ni nzima.

Usimkaribishe haraka mtu anayewanunulia wote vinywaji na yeye hakubali kununuliwa.

Usimsaidie mchumba wa mwanao kukwepa swali kwa sababu anakubebea makreti.

Usiende kuchunguza kwa siri kisha umwagie mtoto yote jikoni kwa mara moja. Nenda naye.

Na ukisikia neno baya juu ya anayempenda mwanao, usilikalie. Mwambie siku hiyo hiyo, hata kama anaimba.